Kunadi Bidhaa na Kunadi Haki

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mmoja katika ndugu zetu wenye maduka, naye ni mtu anayehudhuria darsa yetu tangu zamani, ametuletea suala ambalo twaona lastahiki kujibiwa hapa ili wapate kufaidika wengi. Auza tende, asali, habbasoda na vitu vya nyumbani. Asema kwamba jirani zake wote watangaza bidhaa zao kwa kila njia, kwa vibao, kwa redio, na kwa simu hizi zilizomo mkononi mwa kila mtu. Naye, kwa kuchelea kusema uwongo, amenyamaza, na wateja wampungukia siku baada ya siku. Je, dini yamruhusu kuisifu bidhaa yake? Na ikiwa yamruhusu, mpaka wake ni upi? Kisha mwishoni mwa barua yake ameongeza neno moja ambalo kwetu ni zito kuliko suala lenyewe. Auliza: mbona masheikh nao hawajui kuuza? Makusudio yake ni kwamba haki waliyo nayo wanavyuoni ni bidhaa bora kabisa, na juu ya hivyo majamvi ya darsa yawa wazi, na vijana wawajalia wale wasemao upuuzi.

Twajibu yote mawili pamoja, kwani mlango wake ni mmoja.

Kwanza na ijulikane ya kuwa biashara si aibu, wala kuitangaza biashara si aibu. Mtume (s.a.w.) alifanya biashara kabla ya kupewa utume, na mali aliyoichukua mpaka Sham ilikuwa ya Bibi Khadija. Hata mnada ameusimamia kwa ulimi wake. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja katika Ansari alikuja kuomba, Mtume akamuuliza nyumbani mwake mna nini. Akasema mna nguo moja na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviagiza viletwe, akavishika mkononi na kuvinadi mbele ya masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akataka wa kuzidisha, mwengine akatoa mbili. Dirhamu moja mwenyewe akanunulia watu wake chakula, na ya pili akanunulia shoka, akaenda kukata kuni na kuziuza, na baada ya siku 15 akarudi akiwa na dirhamu 10. Basi mwenye kudhani kwamba uchaji Mungu ni kukaa kimya nyuma ya meza hali mali yaharibika na watoto wana njaa, hajaufahamu uchaji Mungu.

Lakini tazameni pia kile ambacho hakikufanywa katika mnada ule. Haikusemwa kwamba nguo ile ni mpya. Haikusemwa kwamba chombo kile kina baraka ya namna fulani. Vilionyeshwa kama vilivyo, na mwenye kutaka akazidisha.

Ama mipaka, Mtume ameiweka wazi kwa mambo ambayo kila mchuuzi wa sokoni ayajua. Alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Na alikataza kuacha kumkama ngamia au mbuzi siku kadha kabla ya kumpeleka sokoni ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Akampa aliyenunua mnyama wa namna hiyo khiyari ya siku tatu, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Hapa pana fundisho kubwa. Yule mwenye mbuzi hakusema neno. Hakuapa, hakusifu, hakudanganya kwa ulimi. Kiwele ndicho kilichosema uwongo kwa niaba yake. Na leo boksi kubwa lenye kitu kidogo ndani ni kiwele kilichofungwa, na maembe mazuri yaliyopangwa juu ya kapu, chini yakiwa yameoza, ni chungu ile ile ya nafaka.

Na katika yaliyokatazwa ni najshi, yaani mtu kupandisha bei mnadani bila ya nia ya kununua, ili awatie wengine tamaa. Sisi twaona kwamba wale wanaolipwa leo kuandika katika simu kwamba wamekitumia kitu fulani na wakapona, au wakapendeza, hali hawajapata hata kukionja, wameingia katika najshi hii hii, na tofauti ni chombo tu.

Imamu Ghazali katika Ihya amelipima jambo hili kwa mizani nzuri. Asema kwamba kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo ni uwongo. Na kuisifu kwa sifa ambayo mnunuzi aiona kwa macho yake ni maneno ya kipuuzi. Lakini kumweleza sifa ya kweli ambayo asingeijua pasi na kuambiwa, hilo halina ubaya. Na ametaja khabari ya Yunus bin Ubaid, aliyekuwa mfanya biashara ya nguo, kwamba kijana wake alimfungulia mnunuzi nguo ya hariri na papo hapo akamwomba Mungu awaruzuku Pepo. Yunus akaamuru irudishwe mahali pake, akakataa kuiuza, kwa kuogopa dua ile isiwe ni njia ya kuisifu nguo. Hatumtaki ndugu yetu afike daraja hiyo, kwani duka litafungwa. Twamtaka tu ajue kwamba wako watu waliofika.

Sasa twataka tusimame kidogo penye khabari moja ya zama zetu, kwa sababu yaonyesha mambo haya yafika wapi yakiachwa.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga, kwa asili yake, ni kitu cha manufaa. Mtoto aliyefiwa na mama yake, na asipatikane wa kumnyonyesha, maziwa hayo ni rehema kwake. Lakini makampuni yaliyoyatengeneza yaliona kwamba watoto waliofiwa ni wachache, na watoto wenye mama ni wengi. Ikawa lazima mama mwenye maziwa kifuani atiwe shaka na maziwa yake. Katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Marekani ya Kusini walitumwa wanawake waliovaa mavazi meupe mfano wa wauguzi, wakaingia katika wodi za wazazi, wakatoa makopo ya bure na nasaha. Yule mama hakuona mchuuzi mbele yake, ameona muuguzi. Kopo la bure likamtosha siku kadha, na katika siku hizo kifua, kwa kutonyonywa, kikapungua maziwa. Alipofika nyumbani kopo limekwisha, na kifua kimekwisha, na dukani kopo la pili lina bei ya kumshinda. Basi akatia kijiko kimoja mahali pa vitatu, akachanganya na maji ya kisima au ya mto, katika chupa asiyokuwa na kuni za kuichemshia. Watoto wakaharisha, wakakonda, wakafa.

Aliyepiga kelele mapema alikuwa daktari mwanamke wa Kiingereza, Cicely Williams, ambaye mwaka 1939 huko Singapore alisimama mbele ya mkutano wa wakubwa wa mji akayaita mambo hayo mauaji. Hakusikilizwa sana. Mwaka 1974 jumuiya moja ya London iitwayo War on Want ilitoa kijitabu juu ya jambo hili, na mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, iliyokuwa kubwa katika biashara hiyo. Mwezi wa Mei 1981, katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani huko Geneva, mataifa 118 yalikubali kanuni za kuzuia matangazo hayo, matatu yakanyamaza, na moja peke yake, nalo ni Marekani, likakataa. Hapa kwetu Kenya Bunge lilipitisha sheria yake mwaka 2012, na kwa sheria hiyo haijuzu kuyatangaza maziwa hayo kwa watu wala kugawa makopo ya kuonjesha.

Waislamu tulikuwa na aya katika Suratul Baqara yenye kuwaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Yasomwa katika misikiti yetu yote. Ni mama wangapi waliofikiwa na maana yake kwa lugha waijuayo, wakiwa pale kitandani, siku ile ile aliyokuja mwenye nguo nyeupe na kopo? Mwenye kopo alijua mama yuko wapi, ana wasiwasi gani, na saa gani moyo wake ni laini. Elimu hii ya kumjua msikilizaji, yeye aliitumia kwa dhulma. Elimu yenyewe si dhulma.

Na hapa ndipo tulipofikia lile suala la pili la ndugu yetu.

Kuna wanaosema: ikiwa wauzaji wa batili wana hila, basi na sisi tutie hila katika haki. Neno hili ni la hatari, na si la leo. Katika wapokezi wa zamani palikuwa na mtu aitwaye Muhammad bin Al-Hajjaj Al-Lakhmi, kazi yake kuuza harisa, chakula ambacho wengi wa watu wa pwani wakiita bokoboko. Mtu huyu akazusha hadithi kwamba Jibrili alimlisha Mtume harisa ili apate nguvu ya kusimama usiku kwa ibada! Wanavyuoni wakamfichua, na Ibnul Jauzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra (1201), akaitia hadithi hiyo katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Yafaa kucheka, lakini kabla ya kucheka sana, nendeni mkasome karatasi zilizobandikwa juu ya chupa za mafuta na asali katika maduka yetu, mtazame ni mangapi yaliyonasibishwa na Mtume ambayo hayana asili. Habbasoda ina hadithi sahihi katika Bukhari, nayo yatosha. Wao wameiongezea mia.

Muuza harisa alitaka pesa. Lakini alikuwako mwengine aliyetaka thawabu, naye ni mbaya zaidi. Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw, alizusha hadithi juu ya fadhila za sura za Qurani, sura moja moja. Alipoulizwa akatoa udhuru kwamba aliwaona watu wameiacha Qurani, wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na vita vya Ibn Ishaq, akataka kuwarejesha. Nia nzuri, na soko zuri, na bidhaa ya uwongo. Alikuwa mtu mwenye elimu za kila namna, hata akapewa jina la Mkusanyaji. Na wanavyuoni wakasema kwamba amekusanya kila kitu isipokuwa ukweli.

Madhara ya watu wa namna hii hayaishii katika ile hadithi moja. Fikirini kijana wa Mombasa, au wa Lamu, au wa Nairobi, aliyefundishwa na mwalimu wake kisa cha ajabu cha kumtia hamu ya Sala. Siku moja, kwa simu yake mwenyewe, akagundua kwamba kisa kile ni cha kuzuliwa. Je, atatupa kisa peke yake? La. Ataanza kukitilia shaka kila alichopokea kutoka kwa mwalimu yule, na kweli itatupwa pamoja na uwongo. Na vijana wa namna hii wako, twakutana nao, na wengine hawakurudi. Mfanya biashara akidanganya, mnunuzi hupoteza shilingi na kwenda duka la pili. Mlinganiaji akidanganya, yule aliyedanganywa ataona hakuna duka lolote lenye kuaminika.

Kwa hiyo hila haitufai. Kinachotufaa ni ile elimu ya kumjua msikilizaji, na hiyo tunayo katika sira kabla ya kuitafuta kwa watu wa matangazo. Siku Mtume alipopanda Safa na kuwaita jamaa zake, hakuanza na ujumbe. Aliwauliza kwanza: akiwaambia kwamba nyuma ya mlima huu wako wapanda farasi wanaotaka kuwashambulia, watamsadiki? Wakakubali kwamba hawajapata kumjaribu wakamkuta na uwongo. Ndipo akasema alilokuja nalo. Miaka 40 ya kusema kweli katika mambo madogo ya mji ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Na pamoja na hayo Abu Lahab alimlaani, kwani kuaminiwa hakumlazimishi mtu kukubali.

Na Musab bin Umair alipotumwa Madina, Usaid bin Hudhair alimjia na mkuki mkononi, akimtukana na kumtaka aondoke. Musab akamwomba akae asikilize. Likimpendeza alikubali, na likimchukiza wataliacha. Usaid akaona huo ni uadilifu, akachomeka mkuki wake ardhini, akakaa, na hakuinuka ila ni Muislamu. Tuulizane: lau Musab angalimjibu matusi kwa matusi, na angalikuwa na haki ya kufanya hivyo, Madina ingalifunguka lini?

Na Ibn Masud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alkhamisi. Walipomwomba afanye kila siku alikataa, akasema achelea kuwachosha, kama Mtume alivyokuwa akichelea kuwachosha wao. Wako leo wenye kulingania wasiojua kushuka mimbarini. Hutuba yaanza na hukumu ya udhu, yapita kwenye mirathi, yamalizikia kwa kulaumu vijana ambao hawamo msikitini kwa sababu ya kukimbia lawama hizo hizo.

Ama lugha, juu ya hii hatuna udhuru hata kidogo. Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba kila mjumbe ametumwa kwa lugha ya watu wake. Na juu ya hivyo, tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili haikutoka kwa wanavyuoni wetu. Ilitolewa mwaka 1923 na padri wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale, na ikapigwa chapa London, pamoja na maelezo ya kuipinga Qurani yenyewe. Mwaka 1953 wakafuata Makadiani, kwa tafsiri ya Mubarak Ahmad iliyotoka Nairobi. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969. Hesabuni: kutoka 1923 mpaka 1969 ni miaka 46, na katika muda huo Mswahili asiyejua Kiarabu aliyetaka kusoma maana ya Kitabu chote kwa lugha yake, mlango aliofunguliwa ulikuwa wa wengine. Haki ilikuwa kwetu, nayo ilikuwa imefungwa katika sanduku.

Aliyelifahamu jambo hili mapema alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Mungu amrehemu). Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, hapa Mombasa, kwa Kiswahili, wakati ambapo wako walioona kwamba mambo ya elimu yakisemwa kwa lugha ya sokoni yavunjiwa heshima. Yeye aliandika juu ya mambo yaliyokuwa majumbani mwa watu: gharama za arusi na matanga, elimu ya watoto wa kike, madeni na uvivu. Msomaji alijiona mwenyewe katika karatasi ile, na kwa hiyo akaisoma, hata yule aliyekasirika.

Wafanya biashara wa leo wauelewa mwendo huu vizuri. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom walipoitoa M-Pesa, tangazo lao halikumweleza mtu mitambo inavyofanya kazi. Lilimwambia atume pesa nyumbani. Maneno machache, na kila mtu aliye mjini hali mama yake yuko shamba alijua anasemeshwa yeye. Lakini maneno yale yasingalidumu lau mama angalikwenda kwa wakala akaambiwa pesa hazikufika. Twalitaja hili si kwa kulisifu kampuni, kwani lina wa kulisifu wa kutosha, bali ili wenye darsa wajiulize: mtu aliyechoka na kazi, anayedaiwa kodi ya nyumba, akija kwetu baada ya Magharibi, neno gani la kwanza tumwambialo lamgusa yeye? Na akirudi nyumbani, mkononi mwake mna nini?

Basi darsa yetu ya Alkhamisi, kutoka mwezi ujao, itakuwa ya nusu saa, kwa Kiswahili, na maudhui yake yatachukuliwa katika masuala yaandikwayo na wasikilizaji na kutiwa katika sanduku lililoko mlangoni. Masuala ya wanawake yatasomwa kama ya wanaume. Na kila hadithi itakayotajwa, mwenye kutaka kujua imetoka wapi na ina daraja gani ana haki ya kuuliza pale pale.

Sasa twamrudia ndugu yetu na duka lake. Na atundike kibao, na atumie redio na simu, wala asione haya. Aseme tende zake ni za namna gani, zimeingia lini, na zile za mwaka jana aziweke mbali na aziuze kwa bei yake. Sifa ambayo mnunuzi hawezi kuijua kwa macho, aieleze. Aibu ambayo hawezi kuiona, aieleze vile vile. Kuapa asiape hata akiwa mkweli, kwani Mtume amefundisha kwamba kiapo huiendesha bidhaa na huku chafuta baraka yake. Aya za Qurani asizibandike juu ya makopo, kwani makopo hutupwa jaani.

Na hii desturi ya kupandisha bei mwezi wa Shaabani ili ipatikane kupunguzwa Ramadhani, kisha ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni punguzo la mwezi mtukufu, ni ghushi iliyo wazi, na jina la Ramadhani laizidishia uovu. Akitaka kupunguza, apunguze katika bei aliyokuwa akiuzia kwa kweli.

Imebaki ile asali. Asema alinunua kwa mtu wa kati, naye alimwambia ni ya Yemen, lakini hana hakika. Basi asiandike Yemen. Aandike asali, aweke kijiko pembeni, watu waonje. Wallahu aalam.